Mchunga Kondoo wa Ukumbi wa Saba

Mwezi uliopita nilirudisha koti la bluu, redio na ufunguo wa kabati, nikasaini karatasi tatu, nikakatiwa keki. Keki ilikuwa tamu kupita kiasi. Sasa nakaa kwa binti yangu Apple Valley, theluji imeziba dirisha la chini, na magoti yangu bado yanaamka saa kumi na moja alfajiri utadhani yamepangiwa zamu. Nawaandikia ninyi mliobaki, hasa ninyi vijana wetu mnaotoka darasani mbio na kuja kusimama kwenye kumbi za jumba la sanaa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu cha Kiingereza mnacho, kile kitabu cha kanuni, na kitabu kile hakijawahi kusimama saa nane mfululizo kwa miguu yake.

Vyeo sisimulii. Niliingia mlinzi wa ukumbi, nikatoka mlinzi wa ukumbi, na katikati nilikuwa mlinzi wa ukumbi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Januari. Nilikuwa nakaa yale maghorofa ya Cedar-Riverside na marehemu mume wangu, ambaye ndiye aliyenileta hapa Marekani alipokuja kusoma. Nilifika kazini nimevaa viatu vya ngozi vya kwenda kanisani, maana nilijua naenda mahali pa heshima. Nilikabidhiwa kwa mzee mmoja mrefu, Duane, mwenye masharubu meupe, aliyekuwa fundi wa matrekta kabla ya kuja kulinda picha. Alitoka Inver Grove Heights kila asubuhi na chupa ya kahawa ambayo hakuwahi kumwonjesha mtu. Aliangalia viatu vyangu, akatikisa kichwa.

"Mama, hivyo vitakuua kabla ya saa sita," alisema. Namtafsiri, yeye alisema kwa Kiingereza chake cha puani.

Hakukosea. Kufikia saa tano nilikuwa nasimama kwa mguu mmoja mmoja, kama kuku kwenye matope. Duane alinifundisha vitu ambavyo kitabu hakina. Usikaze magoti. Usimtazame mgeni usoni, mtazame mikono, maana uso unajua kudanganya. Anayekuja na mkoba mgongoni ndiye atakayegeuka ghafla akaparuza picha, kwa hiyo mwombe auvae kifuani. Ukimwona mtu ameshika kalamu ya wino, mpe ya risasi huku unatabasamu. Na kila nusu saa chumba cha udhibiti kitaita kila ukumbi kwa namba yake kwenye redio. "Saba?" Unajibu, "Saba, salama." Basi. Usiongeze neno.

Ukumbi wa saba ndio waliponiweka, na ndipo nilipozeekea. Ni ukumbi wa picha za Ulaya za enzi zile walipokuwa wakivaa nywele za bandia, na karibu zote ni za wachunga mifugo na muziki. Wasichana wa hariri wenye fimbo za kuchungia zilizofungwa utepe. Vijana wanapuliza filimbi chini ya miti. Kondoo weupe, wamesafishwa hadi kwato. Mimi nimechunga, na nawaambia kondoo wa namna ile hayupo, labda yule anayehubiriwa Jumapili.

Kwenye ukuta wa kushoto ipo picha ya kijana amelala. Mdomo uko wazi kidogo, mkono umeanguka, filimbi imemtoka vidoleni iko kwenye majani. Kondoo wametawanyika hadi kule nyuma ambako rangi inakuwa ya buluu. Siku ile ya kwanza niliitazama nikarudi nyuma hatua mbili. Nilimuuliza Duane huyu kijana ana nini.

"Amelala tu. Ni picha ya amani," akasema.

Sikubisha, nilikuwa mgeni. Lakini nilichagua kusimama mahali ambapo nilimpa kijana yule mgongo, na nilisimama hapo miaka.

Jumatatu, siku tuliyofunga milango, Karin alikuwa anatufundisha. Karin alikuwa msimamizi wa picha za Ulaya, mwanamke mwembamba, miwani yake inaning'inia kwa kamba, na alikuwa na moyo wa kueleza hata kwa sisi walinzi, jambo ambalo wenzake hawakuwa nalo. Alitwambia wachoraji wale walikuwa watu wa mjini, wengi wao hawakuwahi kuswaga hata mbuzi mmoja. Wanunuzi walikuwa matajiri waliochoshwa na fitina za majumba ya wafalme. Walitaka kutundika ukutani dunia isiyo na fitina, na mchunga kondoo akabebeshwa kazi hiyo. Filimbi ilikuwa ishara ya mapenzi. Zumari la mfuko lilikuwa la tamaa za mwili, ndiyo maana linashikwa na mlevi. Kinanda cha nyuzi kilichokatika uzi mmoja ni ugomvi, au kifo kiko njiani. Mbwa ni uaminifu. Na filimbi iliyowekwa chini, alisema akimwonyesha yule kijana, ni utulivu kamili: wimbo umekwisha, hakuna kinachotakiwa tena.

Nilimsikiliza kwa adabu. Kichwani nilikuwa Iramba.

Kwetu ni Iramba, mkoa wa Singida, kwenye milima ya mawe. Mimi na mdogo wangu Elia tulichunga mbuzi juu, mama analima mtama bondeni. Fisi walikuwepo, nyoka walikuwepo, na mawe yenyewe yalikuwa yanaporomoka. Mama alikuwa haoni tulipo, ila sauti ilikuwa inashuka vizuri. Kwa hiyo alitukatia filimbi ya tete, akatupa sheria moja. Mmoja wetu awe anapuliza wakati wote. Ukichoka, mpe mwenzako. Mama akisikia filimbi analima. Filimbi ikinyamaza anaacha jembe anapanda mlima. Hatukupuliza kwa raha wala kwa mapenzi. Tulipuliza ili mama ajue tuko hai, na midomo ilikuwa inachanika.

Siku moja Elia aliiangusha filimbi kwenye ufa wa jiwe, tukahangaika kuitoa kwa kijiti. Hatukujua umepita muda gani. Tukaona mama anatokea kwenye mawe, hana kiatu, kidole cha mguu kinavuja damu. Nilijua tunachapwa. Hakutuchapa. Aliketi chini akalia, sisi tumesimama tunamwangalia, na Elia akaanza kumpulizia filimbi kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Sasa nieleze habari ya Duane, maana ndiyo iliyonipa jina pale kazini. Mwaka wangu wa nne, mchana wa kawaida, redio iliita, "Tano?" Duane ndiye alikuwa ukumbi wa tano. Kimya. "Tano?" Kimya. Yule wa chumba cha udhibiti akasema ni betri, atamtuma mtu na nyingine. Mimi sikungoja. Niliacha ukumbi wa saba wazi, wageni na picha zao ndani, nikakimbia kwenye sakafu ya mbao inayokatazwa kukimbiwa. Nikamkuta Duane nyuma ya benchi, midomo imekuwa ya kijivu. Nilipiga kelele kwenye redio kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuwa kimeniruka. Walielewa.

Alipona. Moyo. Alikwenda kulima nyanya zake Inver Grove Heights miaka mingine mingi, akaja kufa kitandani kwake huku watoto wamemzunguka. Mimi nilipewa bahasha yenye kadi ya shukrani pamoja na barua ya onyo kwa kuacha ukumbi bila ruhusa. Zote kwenye bahasha moja, na saini ni ya mtu mmoja. Nilipokwenda kumwona hospitali Duane aliniuliza nilijuaje. Nikamwambia mama yangu ndiye aliyenifundisha. Tangu siku hiyo kila mlinzi mpya niliyemfundisha nilimwambia: mwenzako akinyamaza kwenye redio, usiseme betri. Nenda. Betri utaiulizia ukifika. Wengi wenu mmelisikia kwangu hadi mkachoka.

Lishikeni hilo, kwa sababu sasa nawaambia nililofanya.

Simu hizi za picha zilipoingia hadi Iramba, mimi na Elia tulirudia mchezo wa utotoni. Alikuwa amefiwa na mkewe, watoto wake wako Mwanza, yeye amebaki mlimani na mbuzi wake kwa ukaidi tu. Kila Jumapili saa kumi jioni yake, ambayo wakati wa joto ni saa mbili asubuhi yetu, alinitumia sauti. "Dada, nipo." Kisha filimbi, dakika moja hivi, mbuzi wanasikika nyuma. Kisha, "Na wewe?" Niliisikiliza kituoni Cedar-Riverside nikingoja treni ya kazini, nikajibu, "Nipo." Hatukuwa na maneno mengi. Wanjiru, binti Mkenya anayesoma chuo na kulinda ukumbi wa nne, alikuwa anapanda treni ile ile, na alizoea kuomba nimpe sikio moja.

"Mathe, huyu bro wako ako na talent, aki," alikuwa anasema. "Si tum-record vizuri tu-upload?"

"Muache na mbuzi wake," nilimjibu.

Kisha Karin akaja na wazo. Wafanyakazi wa kawaida waandike vibao vya maelezo vya picha wanazozilinda, maneno yasizidi themanini. Akaja kwangu moja kwa moja, macho yanang'aa, kwa sababu alijua nilichunga utotoni. Akaniomba nimwandikie kijana aliyelala.

Niliandika uongo. Niliandika kwamba nilichunga mbuzi Tanzania nikiwa mtoto, na hilo ni kweli, na ndilo la kweli pekee. Yaliyofuata ni kwamba mchana wa joto tulilala kivulini kama kijana huyu, filimbi pembeni, bila hofu, na kwamba nikimtazama nakumbuka amani. Kwa nini? Nilijua wanachokitaka. Na kwa miaka mingi watu walikuwa wananiuliza nilikotoka kwa sauti ya kunihurumia. Nikataka mara moja tu wanionee wivu. Kibao kilitundikwa na jina langu chini. Watu walipiga nacho picha.

Nilimtumia Elia picha ya kibao na tafsiri. Alinijibu kwa sauti, anacheka hadi anakohoa.

"Dada, we ulilala lini? Huyo mtoto wa kwenye picha, mama yake yuko njiani anakimbia!"

"Wazungu hawatajua," nilimwambia.

"Wasijue. Wewe unajua."

Nilicheka pia. Kibao kilikuwa kimeshachapishwa.

Ilikuwa Oktoba, majani yamegeuka rangi. Jumapili moja nilisimama kituoni, simu mkononi, na sauti haikuja. Treni ikaja. Wanjiru akaketi karibu nami.

"Mathe, leo bro ame-go silent?"

"Bando limemwishia," nikasema.

"Si u-call neighbour tu, u-confirm?"

"Wanjiru, namjua mdogo wangu. Ni ubahili. Bando limemwishia."

Nilimtumia bando pale pale kwenye treni, kisha nikamtumia sauti yangu: "Elia, nimekuwekea bando, acha ubahili, puliza." Ikakaa na tiki moja, haijamfikia. Jumatatu tiki moja. Nikajiambia simu imezima, anachajia kwa jua, na mvua zimeanza. Jumanne nikajiambia minara ya kule haina maana. Jumatano nilimfundisha mlinzi mpya. Nilimwambia mwenzako akinyamaza usiseme betri. Niliyasema maneno hayo kwa mdomo wangu, nimesimama chini ya kijana aliyelala, simu yangu iko mfukoni ina tiki moja.

Ijumaa wakati wa chakula alinipigia Amosi, mtoto mkubwa wa Elia. "Shangazi, umekaa?" Nilikuwa nimekaa. Mwiba ulimchoma baba yake mguuni, akaudharau kama anavyodharau kila kitu. Mguu ukavimba, homa ikamlaza. Mbuzi walilia zizini siku mbili bila kufunguliwa, ndipo jirani akaenda kutazama. Wakamkuta sakafuni. Walimfikisha hospitali bado anapumua, akafa asubuhi. Daktari alimwambia Amosi kwamba siku tatu nne mapema zingetosha.

Nilikwenda. Nilifika maziko yamepita siku tatu. Jirani alinisalimia kwa heshima, mzee mwema, machozi yanamlenga. Akaniambia hakuwa na wasiwasi mapema kwa sababu kijiji kizima kinajua Elia anaongea na dada yake Marekani kila Jumapili. Kungekuwa na shida, dada angepiga simu. Amosi aliichaji simu ya baba yake tukiwa tumekaa nje. Ilipowaka, ujumbe ukaanza kuingia: bando lote nililomtumia, halijaguswa, na nyuma yake sauti yangu ikimwambia aache ubahili.

Kwa Duane nilikimbia. Kwa Elia nilituma vocha. Duane nilikuwa nimemjua miaka minne tu. Nimeligeuza jambo hili kila upande na silioni upande wake mzuri, na msije mkaniambia kwamba Mungu ndiye aliyepanga. Mungu hakuniambia ni bando. Niliamua mwenyewe.

Amosi alinipa filimbi. Nimeileta huku. Sijawahi kuipuliza.

Nilirudi kazini Novemba, nikakuta kibao changu kiko palepale. Wiki ya kwanza mama mmoja alimsomea mzee wake kwa sauti, halafu akasoma jina kifuani kwangu, akafurahi. Aliuliza kama ndiye mimi. Akasema ni maneno mazuri sana, kwamba na yeye angependa kulala usingizi kama ule. Nikamwambia asante. Kisha nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Karin, nikamkuta anakula tufaha.

"Naomba kile kibao kiondolewe," nikamwambia.

"Lakini watu wanakipenda kuliko vyote."

"Ni uongo, Karin. Hatukulala. Kijana yule hana amani yoyote. Kwetu filimbi ikianguka hivyo, kuna mtu anatakiwa awe ameshaanza kukimbia." Nikamweleza yote, ya mama na ya Elia. Tufaha lilibaki mkononi mwake likawa la kahawia.

"Mimi ndiye niliyekuambia kuwa filimbi iliyowekwa chini ni utulivu," akasema mwishowe.

"Wewe ulisoma vitabuni. Mimi nilijua."

Alifanya alichoweza. Lakini kibao hakiondoki kwa sababu mlinzi amelia. Kuna kamati, na kamati hukaa inapojisikia. Nilisimama chini ya uongo wangu miezi kumi na minne. Sikumpa tena kijana yule mgongo. Nilimtazama kila zamu, saa zote nane, na sasa najua hata idadi ya kondoo wake, pamoja na yule mmoja wa mbali kabisa ambaye wageni hudhani ni jiwe. Hatimaye walipanga upya ukumbi, nikaruhusiwa kuandika kingine. Niliandika maneno themanini kamili. Kamati ikayapunguza, na ya kwangu ikaacha sentensi moja: Kwetu filimbi ikinyamaza, mtu huenda kutazama. Wageni wanadhani ni ushairi. Wanatikisa kichwa taratibu, wanahamia picha inayofuata.

Siku yangu ya mwisho mliniletea maua, mkaniimbia, yule wa duka la vitabu akaimba nje ya sauti. Saa kumi na nusu jioni nilirudi ukumbini peke yangu kumalizia zamu. Wageni walikuwa wameshaondoka. Redio ikaita.

"Saba?"

Niliisikia vizuri. Ilikuwa kiunoni, taa yake ya kijani inawaka. Nilimtazama yule kijana, sikujibu.

"Saba?"

Sikujibu.

"Itakuwa betri," akasema yule wa udhibiti. "Au anaaga picha zake."

Kisha nikasikia viatu. Mtu anakimbia kwenye mbao, anapita ukumbi wa tano, wa sita, na Wanjiru akatokea mlangoni, koti limefunguka, pumzi hana.

"Mathe! Kwani radio imekufa?"

"Haijafa."

"Then mbona hujibu? Umeni-scare, aki ya nani! Nilidhani umeanguka!" Alinishika mikono yote miwili, akanikagua kuanzia uso hadi viatu.

Niliona aibu kama mtoto. Mwanamke wa umri wangu. Lakini nilimwambia kweli, kwa sababu uongo katika ukumbi ule nilikuwa nimeshaandika wa kutosha.

"Nilitaka kujua kama kuna mtu atakuja."

Alichomoa redio kiunoni kwangu, akabonyeza. "Saba, salama," akawaambia. "Nimem-check mwenyewe." Kisha akabaki amesimama karibu nami mpaka taa za ukumbi zikazimwa, na ukumbi wake wa nne umekaa bila mlinzi muda wote huo.

Wiki iliyofuata walimwandikia barua ya onyo kwa kuacha ukumbi bila ruhusa. Alinipigia simu akilalamika, nikamwomba nakala. Nimeiweka kwenye droo, pamoja na filimbi.